Mimi, Shimo na Waraka wa Mapendekezo

Nisikilizeni ninyi, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza tena. Mimi ni mpangaji wa kawaida jijini Dar es Salaam, mtu wa vyumba viwili na sebule ndogo ambayo usiku hugeuka chumba cha tatu, na mwaka huu nimechaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha wakazi wa mtaa wetu. Sikukiomba cheo hicho. Siku ya kikao cha kwanza nilichelewa kwa sababu ya mvua, na nilipoingia niliwakuta wenzangu wameshagawana uenyekiti, uhazini na hata ulezi, kikabaki cheo kimoja tu kinachohitaji mtu wa kuandika bila malipo. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akiongoza kikao akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeokota pochi, akasema, "Huyu hati yake ni nzuri."

Kazi yetu ilikuwa kuandika waraka wa kuipelekea halmashauri, kueleza wakazi wanataka huduma za mtaa ziendeshwe vipi. Mwalimu alitukumbusha kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla ya hapo, kwa hiyo anayepeleka hoja zake mwezi Juni ni sawa na mgeni anayefika shughulini wakati masufuria yanaoshwa. Basi tukaharakisha. Tuliharakisha kiasi kwamba saa moja na nusu ya kikao ilimalizikia kwenye kichwa cha waraka. Mmoja alitaka "Madai ya Wakazi", mzee muuza kahawa akakataa kwa sababu neno hilo linanuka mgomo naye anauza kahawa kwa polisi. Mwingine akataka "Maombi", akaulizwa kama tunakwenda halmashauri au tunakwenda kuombewa. Tukakubaliana "Mapendekezo", neno lisilomtisha mtu yeyote, likiwemo shimo.

Shimo lenyewe liko mbele ya mlango wangu, nalo ndilo pendekezo la kwanza. Walikuja mafundi kutengeneza bomba lililopasuka, wakachimba, wakatengeneza vizuri kabisa, wakaondoka na kuliacha tuta la udongo pembeni kama rehani. Masika ikaja ikauchukua udongo, shimo likabaki na deni. Nilipokwenda kwa watu wa maji, waliniambia kwa heshima kwamba bomba lao halivuji tena, na kilichobaki ni barabara, niende kwa watu wa barabara. Watu wa barabara wakalitazama kwenye picha ya simu yangu, wakasema kwa utaalamu kwamba lile si shimo la barabara bali ni mfereji uliobomoka, na mifereji ya ndani niulize halmashauri. Halmashauri wakaikuza picha ile ile kwa vidole viwili, wakaona maji yametuama chini, wakanirudisha kwa watu wa maji. Nimezungushwa kama pia. Nauli niliyoitumia ingetosha kununua kifusi cha kulifukia, na mama watoto hunikumbusha jambo hilo kila ninapovaa viatu.

Kwa hiyo niliandika kwa mkono wangu, na kikao kikapitisha bila mabadiliko, kwamba kila kilicho juu ya ardhi ya mtaa na kila kilichofukiwa chini yake kiwe na mwenyewe mmoja anayejulikana. Kwamba pawepo namba moja ya simu ya kupokea taarifa, na anayeipokea ndiye ahangaike kumtafuta mhusika badala ya mwananchi. Na kwamba yeyote anayechimba barabara, hata akiwa na kibali cha mbinguni, asiondoke kabla hajafukia, akashindilia, na kutia saini mbele ya mjumbe wa mtaa. Mwalimu aliongeza "ndani ya siku saba". Mimi nilitaka "ndani ya siku hiyo hiyo", nikaambiwa nina maslahi binafsi.

Na msidhani kwamba mahali petu hapajulikani. Mwaka 2022 nchi nzima ilifanya zoezi la anwani za makazi. Nasi tulibandikiwa namba mlangoni, tukapewa postikodi, na nguzo yenye jina la barabara ikasimikwa hatua chache kutoka lilipo shimo hivi leo. Mwezi Agosti mwaka huo huo ikaja sensa, nikahesabiwa mimi na familia yangu miongoni mwa watu 5,383,728 wa mkoa huu, karani akiandika kila kitu mpaka aina ya choo. Najulikana, tena kwa tarakimu. Hata hivyo sijawahi kumpigia mtu wa huduma yoyote nikamtajia namba ya nyumba na jina la barabara, asiniulize, "Karibu na nini?" Nami hujibu kwa unyonge, "Karibu na shimo," naye hufika bila kupotea.

Pendekezo la pili lilimhusu mwalimu zaidi, maana yeye ndiye mwenye nakala ya Katiba, tena ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu kama daftari la mwanafunzi. Alitusomea ibara ya 146, inayosema kwamba madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Tukatazamana, kila mtu akimshuku mwenzake kuwa ndiye aliyeyapokea na kuyaficha. Kisha akatueleza jambo lililonikosesha usingizi: kijiji kina halmashauri yake yenye hadhi ya kisheria, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, lakini mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Yaani babu yangu kule kijijini akiudhika anaweza kuishtaki halmashauri ya kijiji, ilhali sisi watu wa mjini, wenye lami na kiyoyozi cha jirani, mtaa wetu hata kushtakiwa haufai! Shemeji yangu wa Ilala hunicheka kwa jambo jingine: Februari 2021 halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa na manispaa yao ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam, yeye alilala mkazi wa manispaa akaamka mkazi wa jiji bila hata kubadili shuka. Tuliandika kwamba mtaa utengewe fungu lake dogo linalojulikana, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kwa herufi ambazo mzee wa miaka 70 anaweza kuzisoma bila kuazima miwani.

Hapo kwenye fedha ndipo nilipopandwa na hasira mpaka mwenyekiti akaniomba nikae. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani ule umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Sina ugomvi na kodi. Ila jengo si langu! Mimi nanunua umeme wa kupasia shati, napokea uniti pungufu, na kwa dakika chache kila mwezi ninakuwa mwenye nyumba kwa upande wa kulipa tu. Tuliambiwa kwamba mpangaji amkate mwenye nyumba kwenye pango. Nikamwendea mama mwenye nyumba na risiti zangu za miezi kumi nimezipanga vizuri kwenye bahasha, akazipokea, akazitazama moja moja kwa upendo, akasema, "Baba, umeme si unautumia wewe?" Mama huyo ndiye mweka hazina wa kikundi chetu. Pendekezo la tatu, kwamba mtaa uelezwe kila mwaka ni kiasi gani cha kodi hiyo kimerudi kwake kwa namna ya huduma, alilipitisha kwa kunyoosha mikono yote miwili.

Kuhusu taka tuliafikiana upesi: gari lipite siku inayojulikana, na anayekusanya ada ya taka asiwe na mbio kuliko anayekusanya taka. Taa za barabarani tuliziandikia mstari mmoja, kwa kuwa wakati huo giza lilikuwa limeshaingia na hatukuwa tukiuona mstari wa pili.

Nilidhani tumemaliza. Ndipo wakasimama wale vijana watano wa kijiweni, nao ni wanachama halali, ada wamelipa, wakasema wanapinga pendekezo la kwanza. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba shimo langu lina uchumi wake. Kila gari linalokwama hulipa shilingi 2,000 kusukumwa, na dereva anaposubiri hunywa kahawa ya yule mzee, ambaye ghafla akaanza kutazama dari. Vijana waliomba shimo lipewe kipindi cha mpito. Mwalimu, ambaye hapendi mtu atoke kikaoni mikono mitupu, akawashauri waombe ule mkopo usio na riba unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia 4 yao, ili wapate biashara nyingine. Walifurahi sana, ila hawakuwa na mtu wa kuwaandikia andiko la mradi. Mkutano mzima ukanigeukia. Hati yangu ni nzuri.

Nikaandika. Waliniambia biashara wanayo tayari, wanachotaka ni kuikuza: kamba mbili za kuvutia magari, mbao, mabuti na viti vya wateja kukalia. Kwenye kipengele cha uendelevu wa mradi walinisomea wenyewe, nami nikanakili neno kwa neno, kwamba mradi hauna hofu ya kukosa kazi, kwa sababu kila mvua inaupanua. Siku hiyo hiyo nikabeba nyaraka mbili kwenye bahasha mbili, zote kwa mwandiko wangu, nikazipeleka kwenye ofisi moja, dirisha moja, zikagongwa muhuri mmoja.

Wiki iliyopita nilipigiwa simu. Sauti ya adabu iliniarifu kwamba andiko letu limesomwa, limependeza, na kwamba wataalamu watakuja Alhamisi kulikagua eneo. Moyo ukanilipuka kwa furaha, nikauliza ni andiko lipi kati ya yale mawili. "La mradi wa vijana," akajibu, "hilo jingine bado tunatafuta ni la idara gani." Kisha akaomba nimwelekeze. Nikamtajia jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi, taratibu, tarakimu kwa tarakimu. Akanyamaza kidogo, nikasikia anapekua karatasi.

"Samahani, baba," akasema, "hapo ni karibu na nini?"