Darubini Chooni

Shemeji ndiye aliyeniingiza mkenge. Eti twende Mlima Meru tukaone nyati kwa miguu yetu, siyo kupitia dirisha la gari. Nikaazima darubini ya jirani, kubwa kama chupa mbili za chai zilizofungwa kamba.

Kutoka lango la Momella tulipangwa mstari mmoja, askari mbele na bunduki yake. Tuliona twiga wanne, ngiri, na mbega kule juu wakining'iniza mikia yao myeupe. Nyati hata wa dawa! Mavi yao tu, njia nzima, mengine bado yanafuka. Shemeji akanicheka: "Nyati ni ng'ombe aliyekosa mchungaji. Akitokea, niachie mimi."

Tukalala kwenye vibanda vya Miriakamba, kituo cha kwanza cha wapanda mlima, zaidi ya mita 2,500. Baridi ya kule, we acha tu. Chai niliyokunywa ili meno yaache kugongana ndiyo iliyoniamsha saa nane usiku. Nikatoka mbio na tochi, darubini shingoni. (Nililala nayo. Mali ya watu.)

Haja ikaisha, nikafungua mlango nusu. Nikasikia nyasi zinakatwa: kwacha, kwacha. Nikamulika. Pua pana, imelowa, unyasi mmoja unaning'inia pembeni mwa mdomo. Dume zee, peke yake, anatafuna polepole huku ananitazama kama karani ambaye dirisha lake limeshafungwa.

Nikarudi ndani, nikazima tochi. Kwa kuwa akili ilishanitoka, nikapachika darubini kwenye upenyo wa mbao. Giza tupu. Mnyama wa kilo mia saba na ushee yuko hatua tano, nami sioni hata sikio!

Kwacha, kwacha.

Baada ya nusu saa hivi nikaanza kutubu kwa sauti. "Ee Mungu, nitoe salama. Nitarudi kanisani. Na zile elfu hamsini za shemeji nitalipa, sikuibiwa kwenye daladala, nilizila mwenyewe."

Choo cha pili, ukutani kwangu, mtu akakohoa.

"Kumbe hukuibiwa?"

"Shemeji! Uko humo tangu lini?"

"Tangu saa saba. Punguza sauti, atatusikia."

"Si ulisema nikuachie wewe?"

Kimya. Nje, kwacha.

Alfajiri askari akaja kutugongea. Nyati alishaondoka kitambo, kaacha rundo kubwa katikati ya vyoo viwili. Shemeji akatoka, akaliruka, na kabla hata ya salamu akaninyooshea kiganja.