Paking ya Bure Ilala, Pilau Juu ya Boneti

Kwanza kabisa: sahani ya pilau ilikuwa moja. Huyo jamaa yangu anayerusha voisi kila grupu kwamba nilikula mbili na kulia juu, ana lake jambo. Machozi yalikuwa ya moshi wa kuni.

Haya. Kariakoo ya Jumamosi mnaijua. Paking ya barabarani siku hiyo ilikuwa 500 kwa saa, na kwa hiyo 500 nikaona naibiwa. Tukazunguka Msimbazi, tukakata Uhuru, tukatokea Lumumba, tukarudi Msimbazi, eisi nimezima eti nabana mafuta, shati limelowa. Ndipo nikapata akili: twende Ilala mitaa ya ndani, tupaki bure chini ya mwarobaini, turudi Kariakoo na boda. Boda kwenda, boda kurudi, kila mtu na yake, na nalipa mimi. (Msinipigie hesabu, nimeshapigiwa nyumbani.)

Wakati napaki niliona vijana wanashusha masufuria. Nikajua ni kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku, mpaka kianze sisi tuko zetu Tabata.

Tunarudi na furushi la mapazia, gari silioni. Naona turubai, limetandwa ukuta hadi ukuta, kamba ya kona moja imefungwa kwenye saiti mira yangu. Gari limo ndani, limezungukwa na majamvi na watu wa kanzu. Kwenye boneti zimepangwa sahani za pilau. Juu ya paa, birika la gahawa. Mzee mmoja kaegemea taa ya nyuma, macho kafumba. Hitma!

Ustaarabu ulikuwa kusubiri. Mimi nikasema ngoja nibonyeze rimoti kwa mbali, nisogee taratibu, nichomoke. Jamani, hivi vitufe nani alivipanga? Shehe ndiyo kwanza kafika kwenye dua, mikono yote juu. Nikabonyeza.

Wiiiu! Wiiiu! Taa zinawaka mbele na nyuma. Mzee kanyanyuka, kofia imebaki jamvini. Birika likaanza kutembea juu ya paa kwa ule mtetemo, pole pole, mimi naliangalia, shehe analiangalia, hakuna anayelidaka, likafika ukingoni, likafikiri kidogo, likashuka. Pwaa! Nikabonyeza kuzima, buti likafunguka. Na ndani ya buti, mbele ya hitma nzima, kreti la bia. (Ni za sendofu ya shemeji, na shemeji yumo humu grupuni, atoe ushahidi.) Dua imekatika, mikono ya watu bado iko hewani, vichwa vyote vimenigeukia nilivyosimama na mapazia. Namtafuta jamaa yangu: yuko nyuma ya nguzo ya umeme, anarekodi.

Mzee akaja. Afadhali angefoka. Akauliza kwa upole:

"Kijana, marehemu ni nani wako?"

Shikamoo yenyewe ilinipotea. Nikausikia mdomo wangu unajibu, "Mjomba."

Kimya.

"Mjomba," mzee akarudia, kama anaonja chumvi. "Marehemu ni dada yangu."

"Namaanisha… mjomba ndiye kanituma."

"Mjomba yupi?"

Nikaonyesha kidole kwenye nguzo ya umeme.

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Tulikalishwa, tukalishwa, daftari la rambirambi likapita, nikaandika elfu ishirini kwa mkono unaotetemeka. Turubai likafunguliwa magharibi. Gari haliwaki, king'ora kimenyonya betri. Fundi wa kubusti elfu kumi. Saiti mira inaning'inia hadi leo. Kijana mmoja akadai elfu mbili ya kulinda gari, na kwa kweli lililindwa na ukoo mzima.

Usiku huohuo nikaingizwa kwenye grupu la arobaini. Nimepangiwa kilo kumi za mchele, na wamenisevu "Wa Mjomba".