Kabla ya mashine, mikono ya kumgeuza mgonjwa

Ubishi ulizuka kijiweni Mwanjelwa, kahawa zikiwa bado za moto. Mwalimu mstaafu aliyefiwa na mpwa wake kwa nimonia kali alikuwa amesikia habari za ECMO, mashine inayotoa damu mwilini, kuipitisha kwenye pafu la bandia, kisha kuirudisha ikiwa na oksijeni. Akataka kujua kwa nini isiletwe Mbeya. Muuguzi aliyekuwa benchi la pili akasema, "Shikamoo mwalimu, lakini hizo hela ningepewa mimi, nisingeinunua." Akazomewa. Mmoja akamwambia ndiyo maana hatuendelei.

Nadhani walimwonea.

Mwalimu naye ana hoja. Mwaka 1971 huko Marekani, kijana aliyeharibika mapafu baada ya ajali aliwekwa kwenye mashine ya aina hii kwa saa 75, akapona. Katika utafiti wa EOLIA wa mwaka 2018, wagonjwa 249 wenye mapafu yaliyoshindwa kabisa, waliofariki ndani ya siku 60 walikuwa asilimia 35 upande wa mashine na 46 upande wa matibabu ya kawaida. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuondoa shaka kwamba ni bahati tu, ila zaidi ya robo ya wale wa upande wa pili walihamishiwa kwenye mashine walipozidiwa, kwa hiyo hesabu yenyewe ilivurugika. Na watu wanakumbuka wagonjwa wa moyo walivyokuwa wakipelekwa India, mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza mwaka 2015. Nani angethubutu kusema tusijaribu?

Sasa tuangalie CESAR, utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2009, ambao wapenzi wa mashine huutaja kwanza. Wagonjwa 90 walipangiwa kupelekwa hospitali ya Glenfield, Leicester, yenye ECMO. 90 wengine wakabaki hospitali za kawaida. Baada ya miezi sita, waliokuwa hai bila ulemavu mkubwa walikuwa asilimia 63 kwa 47. Ushindi mnono, utasema. Lakini kati ya wale 90, waliounganishwa na mashine ni 68 tu. Wachache walifariki kabla ya kufika au njiani. Na 16 walifika Leicester, wakahudumiwa kwa uangalifu, wakapata nafuu bila kuguswa na hiyo mashine. Nimeisoma hesabu hii mara nyingi na kila mara nakwama hapo hapo kwenye 16. Kilichowasaidia hao ni nini? Utafiti wenyewe unadokeza: katika kundi la Leicester, asilimia 93 walipumulishwa kwa shinikizo dogo lisilochana mapafu, wakati upande mwingine ni 70. Huko ni kuseti vizuri ventileta, mashine ya kawaida ya kupumulisha, ambayo tayari ipo, na mtu wa kuikagua usiku kucha.

Muuguzi wetu alikuwa na mfano mwingine, ila hawakumpa nafasi ya kuusema. Mwaka 2013 utafiti wa PROSEVA, karibu wote ukifanyika Ufaransa, ulionyesha kwamba kumlaza mgonjwa wa ventileta kifudifudi saa 16 kwa mkupuo kulishusha vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16. Nusu! Sehemu ya nyuma ya pafu, iliyokuwa imeelemewa, inafunguka na kupata hewa. Hakuna kontena la kulisubiri bandarini.

Kwa mshtuko wa moyo, yaani moyo ulioshindwa kusukuma damu ya kutosha baada ya shambulio, hali ni ngumu zaidi. Utafiti wa ECLS-SHOCK wa mwaka 2023, wagonjwa zaidi ya 400, ulitoa vifo vya asilimia 47.8 kwa mashine na 49 bila mashine, huku kutokwa damu kwingi kukiwa zaidi ya mara mbili. Damu inapozunguka nje ya mwili inataka kuganda, kwa hiyo mgonjwa anapewa dawa ya kuizuia, na hapo lazima benki ya damu iwe imejaa, maabara isilale, na muuguzi asimwache mgonjwa huyo hata dakika. Ukipungukiwa usiku, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 800, na mlima wa Kitonga uko katikati.

Mwalimu akiniuliza kama namwambia asubiri, nitamjibu hapana: adai, ila aanze na oksijeni isiyokatika mpaka wilayani, halafu watu.

Tulipoinuka nilimuuliza yule dada muuguzi, kumgeuza kifudifudi mgonjwa mwenye mirija kunahitaji watu wangapi. "Watano, mmoja akishika kichwa na mpira wa kupumulia."

"Na zamu ya usiku mnakuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na mito ya kumwekea kifuani?"

"Mito tunawaomba ndugu walete."