Samaki Hana Kichwa, Mimi Nile Nini?

Jamani, kusi limechacha, mashua zimefungwa, changu wa kujaa kiganja anatajiwa bei kama mahari. Katika dhiki hiyo mpwa wangu anakuja barazani, simu mkononi: "Mjomba, Marekani mwaka 2025 waliruhusu samaki aina ya samoni wa kukuzwa kwenye tangi. Bahari hajaiona!"

Eti wanachukua seli hai kidogo za samaki au za ng'ombe, wanazitia kwenye maji yenye sukari, chumvi na virutubisho, zinazaana mpaka zinakuwa nyama. Na ng'ombe mwenyewe yuko malishoni anacheua, hana habari kwamba analiwa.

Nikauliza, kachinja nani? Mpwa kaperuzi, kanijibu: kamati ya fatwa ya Singapore mwaka 2024 ilisema inafaa, mradi seli ziwe za mnyama halali na pasiwe na najisi ndani. Haya, hapo nimenyamaza.

Bei je? Baga ya kwanza ya namna hiyo, aliyoitengeneza mwanasayansi wa Uholanzi, Mark Post, na kuionyesha London mwaka 2013, iligharimu yuro 250,000. Na walioionja wakalalamika haina mafuta! Siku hizi imeshuka sana, anasema. Ishuke ifike hapa kwetu Langoni, ndipo tuongee. Tena tangi lenyewe lataka joto lisiloyumba, na hapa stima ikikatika hata barafu ya kamba hatuna pa kuiweka.

Lakini hayo yote ningeyameza. Kichwa je? Nyumbani kwangu, mchuzi wa nazi ukiiva, kichwa ni changu. Si mgawo huo, ni cheo. Shavu nalichomoa kwa kidole, jicho nalifyonza, fuvu naligonga kwenye sahani mpaka litoe kila lilichoficha, na paka wa mtaa mzima wamejipanga mlangoni wananihesabia matonge. Mpwa anacheka: hana kichwa, hana mwiba, ni mnofu mtupu.

"Hiyo ndiyo raha yake, mjomba. Hukwamwi."

Raha! Huyu hamjui shemeji yangu. Yule bwana kinachompunguza kasi kwenye sinia ni mwiba tu. Mletee mnofu mtupu, atakuwa amemaliza mimi bado nanawa mikono.

Mke wangu alikuwa ndani, anasikia yote. Muuza samaki wetu ameshatufungia daftari tangu juzi. Akapaza sauti dirishani:

"Muulize, hao wenye tangi wanakopesha?"