Nani Atatia Sahihi Kwenye Shahada?

Jioni ya kwanza ya darasa la Kikrii, lugha ya wenyeji wa asili, hapa Regina, Kanada, mwalimu alitoa jiwe kwenye mkoba, akaliweka mezani na kusema: asiniy. Akatueleza kwamba nomino zote za Kikrii ziko katika makundi mawili, vyenye uhai na visivyo na uhai, na kwamba jiwe limo pamoja na watu na wanyama. Wenzangu waliolelewa kwa Kiingereza walikunja nyuso. Mimi nilijisemea moyoni: hizi si ngeli hizi! Alipotamka kisâkihitin, yaani "ninakupenda", nikaona anayependa, anayependwa na kupenda kwenyewe vimefungwa katika neno moja, kama tunavyofunga sisi. Nilikaa mbele kabisa tangu siku hiyo.

Baadaye ndipo alipotuambia kwamba mamake aliadhibiwa shuleni kwa kuyatamka maneno hayo hayo. Nami nimesoma Kenya, shule ambako aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni. Ila mimi jioni nilirudi nyumbani, nikamkuta nyanya, tukaongea. Watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza (Wakrii wamo), Wainuit na Wametisi, walichukuliwa na kupelekwa shule za bweni zilizoendeshwa na serikali ya Kanada pamoja na makanisa. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Wengi hawakurudi kabisa.

Na chuo kikuu je? Sheria ya Wahindi ya 1876 ilisema kwamba Mhindi, jina walilopewa wenyeji hao wa Kanada, akipata shahada ya chuo kikuu, basi papo hapo anakoma kuwa Mhindi kisheria. Nimeisoma mara mbili kuhakikisha. Usome, upoteze ukoo wako. Mzazi angemhimizaje mwanawe asome?

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoita ufadhili wa wanafunzi wa Mataifa ya Kwanza hisani. Mkataba wa 4 wa 1874, kati ya serikali na wenyeji, unaoihusu ardhi hii ninayokanyaga, uliahidi shule. Ardhi ilichukuliwa, na elimu ni sehemu ya bei yake. Lakini mwaka 1996 serikali kuu iliweka kikomo: fedha za elimu ya juu ya Mataifa ya Kwanza zisiongezeke zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka. Kikomo hicho kilidumu takriban miaka 20, huku vijana wakizidi kuongezeka na karo ikipanda. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo za bweni chini ya Jaji Murray Sinclair, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Wa 11 unadai fedha za kumaliza foleni ya wanaosubiri kusoma. Wa 16 unataka vyuo vitoe shahada na diploma katika lugha za wenyeji. Sisi Wakenya tulikuwa na tume yetu ya aina hiyo, na tunajua ripoti inavyokaa kabatini ikila vumbi.

Siku hizi vyuo vingi hufungua mikutano kwa kutaja wenye ardhi, na tarehe 30 Septemba watu huvaa fulana za rangi ya chungwa kuwakumbuka watoto wa shule za bweni. Mimi pia huvaa. Ila ubia ni jambo lingine. Mgeni hukaribishwa, akapewa kiti na chai. Mbia hushika ufunguo, hujua hesabu, hutia sahihi.

Mfano ninaoupenda uko Alberta, karibu na mji wa St. Paul. Julai 1970 serikali ilipotaka kuifunga shule ya bweni ya Blue Quills na kuwahamishia watoto shule ya mjini, wazazi wa Kikrii na Kidene waliingia ndani, wakakaa. Walikaa zaidi ya wiki mbili, hadi serikali ikakubali kuwakabidhi shule. Jengo lililojengwa kuwanyang'anya watoto lugha leo ni chuo kikuu kinachomilikiwa na mataifa saba ya wenyeji, na jina lake rasmi limeandikwa kwa Kidene na Kikrii. Hawakuomba kushirikishwa. Walikaa sakafuni.

Hapa Regina kipo Chuo Kikuu cha Mataifa ya Kwanza, kilichoanza mwaka 1976. Kuta zake za mawe zimepinda, hazina ncha kali, na ndani kuna hema la vioo, kumbukumbu ya askari wao. Kinajiendesha, lakini shahada hutolewa na Chuo Kikuu cha Regina. Ushirikiano huo umewafaa wengi, nami nauheshimu. Bado naamini hatua iliyobaki ni chuo hicho kutoa shahada kwa jina lake.

Na kuna la wazee. Wanaobeba Kikrii kizima kichwani mara nyingi hawana hata cheti, hivyo katika vyuo vingi huitwa wageni, wakapewa posho na mkono wa shukrani. Wapewe cheo na mshahara wa profesa. Shahada ya lugha bila wao itafundishwa na nani?

Jioni ya mwisho mwalimu alikuja na mamake, aliyepita themanini. Bibi alipita meza kwa meza akisahihisha matamshi yetu. Alipofika kwangu nikamwamkia, tânisi, nôhkom, yaani "hujambo, nyanya". Akanijibu kwa sentensi ndefu, taratibu, akiniangalia usoni. Sikuelewa hata nusu yake. Nikamwomba airudie.