Wamakonde wa Kwale na uraia wa kuzaliwa
Mwandishi wa makala ninayoijibu anahofu kwamba uraia wa papo kwa papo kwa watoto wa wageni wanaozaliwa nchini utawavutia wasafiri waje kujifungulia Kenya. Hofu hiyo naielewa, na Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 hudai angalau mzazi mmoja awe raia; lakini Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, walizaa watoto na wajukuu Kwale, pwani ya Kenya, wasiokuwa na vitambulisho, hadi walipoandamana kwenda Nairobi mwaka 2016. Jirani yangu, mchonga vinyago, kwa kukosa kitambulisho alikuwa akitumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake, aliyejikatia chake kila pesa zilipoingia. Mtoto wa mtalii asihesabiwe raia, sawa. Ila aliyezaliwa hapa na mzazi aliyezaliwa hapa asilazimike kuuomba uraia.