Kabla ya Tekken au Street Fighter, jua utacheza na nani

Mpwa wangu wa miaka 15, anayekaa Bombolulu hapa Mombasa, alinipigia simu juzi na swali lililoonekana kumkaa siku nyingi. "Mjomba, nataka kuanza gemu za kupigana. Nichukue Tekken ama Street Fighter? Na hii pedi yangu yatosha, ama nitafute ile stiki?" Miaka yote amecheza mpira tu kwenye PS4. Kisha mwanafunzi mwenzake wa Mshomoroni akampiga Tekken raundi sita mfululizo mbele ya watu, na tangu siku hiyo hana raha. Nilimjibu papo hapo: Tekken, na pedi hiyohiyo. Nilipokata simu nikaona nimejibu kwa mazoea, sikupima. Na pesa zitakazotoka ni za dada yangu.

Mazoea hayo niliyapata Majengo, miaka ya mwanzo ya 2000, kwenye kibanda chenye runinga mbili na benchi la mbao. Tekken 3, iliyoingia PlayStation mwaka 1998, ndiyo iliyojaza watu. Ukishindwa unainuka, mwingine anakaa. Kila mtoto mgeni alimchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, kwa sababu ukifinyafinya vitufe vya miguu bila mpango wowote yeye huzunguka na mateke yakatoka kila upande. Na kila mtoto siku yake ilifika akakutana na mtu aliyejua kuchuchumaa, kukinga chini na kungoja Eddy amalize. Hapo ndipo gemu ilipoanza kweli.

Upande wa Tekken una hoja nzito, na ya kwanza ni vitufe vyenyewe. Kwenye pedi ya PlayStation, mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, eksi mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Mwanzilishi anaelewa dakika ya kwanza. Street Fighter ya jadi ina vitufe sita, ngumi tatu na mateke matatu, kuanzia jepesi hadi zito. Moto anaorusha Ryu, mhusika wake maarufu, unataka kidole gumba kianzie chini, kipite pembeni, kiishie mbele, ndipo ufinye ngumi, yote kwa mkupuo mmoja. Kidole kisichozoea huiruka ile pembe ya katikati. Unangoja moto, unaona Ryu ametupa ngumi hewani na mwenzako ameshakurukia.

Hoja ya pili ni watu. Katika vibanda ninavyopita, kutoka Kisauni hadi Likoni, gemu ya kupigana utakayoikuta baada ya mpira ni Tekken, na mara mojamoja Mortal Kombat. Nchini petu njia hii imeshapitiwa: Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU mwaka 2018 kwa kucheza Tekken 7. Msichana wa Kenya, gemu ileile ya vibandani.

Lakini Tekken ina deni, na sisi wapenzi wake hatulisemi. Mhusika mmoja anaweza kuwa na mapigo zaidi ya mia, na wahusika wenyewe ni makumi. Kushambulia unaweza kwa mapigo kumi uliyoyashika vizuri. Kujikinga ndiko kunakokudai: ujue pigo lipi la mwenzako ni la kuinamia, lipi la kukinga kwa kuchuchumaa, na lipi ukilikinga humwacha wazi. Ukikinga ile ngumi kubwa ya Paul, mmoja wa wahusika wake, kwa mfano, Paul hubaki amejitolea mzimamzima na wewe una nafasi ya kumwadhibu. Nani atakwambia hilo? Ukiwa peke yako chumbani, unapigwa, huoni ulipopigwa, na hujui hata cha kwenda kujifunza. Wengi huachia hapo, wakiamini hawana kipaji.

Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, ilitengenezwa kwa kumfikiria mtu huyu. Ina mtindo wa kudhibiti uitwao Modern: vitufe vitatu vya mapigo na kimoja cha mapigo maalumu. Moto wa Ryu unatoka kwa kitufe kimoja. Mafunzo yake ni mazuri kuliko niliyowahi kuona katika gemu ya aina hii. Yanakueleza pigo hili ni la nini na ulitumie wakati gani, mhusika kwa mhusika. Uwanja una mbele na nyuma tu, hakuna kuzunguka kando kama Tekken, kwa hiyo jicho la mgeni lina mambo machache ya kufuata. Na kwa nyumba ya dada yangu kuna jambo jingine: inachezwa kwenye PS4. Tekken 8, ya Januari 2024, haipo kwenye PS4 kabisa. Inataka PS5, Xbox Series au kompyuta. Kwa hiyo kijana mwenye PS4 akisema "Tekken", anasema Tekken 7.

Wapo wanaoudharau mtindo wa Modern. Wanasema ni udanganyifu, kwamba ukianza na njia ya mkato kidole hakitajifunza. Ninaielewa hoja yao kwa sababu mwenyewe nilijifunza kwa kuumia kidole, lakini siikubali. Kwanza, njia hiyo ina bei yake: pigo maalumu likitolewa kwa mkato hupungua nguvu kwa asilimia 20, na baadhi ya mapigo ya kawaida huyapati. Pili, na hili ndilo kubwa, kinachofanya gemu ya kupigana iwe tamu ni kusoma mtu: umbali, subira, kujua ataruka lini. Mtoto anayehangaika miezi mitatu kutoa moto hajafika huko bado. Anayeutoa siku ya kwanza anaanza kujiuliza autoe lini. Tekken 8 nayo ina mtindo wake wa mkato, unaouwasha kwa kitufe cha L1 katikati ya pambano. Ukitumia mwanzoni ukaja kuuacha, hukupoteza kitu.

Kwa hiyo kama mizani ni gemu tu, mimi mwana wa Tekken nakiri kwamba Street Fighter 6 inamfundisha mgeni vizuri zaidi.

Ila gemu hizi huchezi na mashine. Unacheza na mtu, na hapo mizani inabadilika. Nani atacheza Street Fighter na mpwa wangu? Jibu la haraka ni intaneti. Tazama hesabu yake. Kebo ya TEAMS, iliyotua hapa Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu, ina urefu wa kama kilomita 5,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda Fujairah na kurudi ni milisekunde 50 hivi. Gemu hizi huenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde. Hizo tayari ni fremu tatu, hujahesabu mitambo ya njiani wala Wi-Fi inayogawanywa na nyumba nzima. Ngumi ya haraka ya Tekken hufika kwa fremu 10. Gemu za siku hizi hupunguza makali hayo kwa kubahatisha utafanya nini na kurekebisha zikikosea, na Street Fighter 6 hufanya kazi hiyo vizuri. Inachezeka. Lakini mtu wa mbali akishakupiga anaondoka. Hakwambii, "Mwanangu, ile ya tatu daima ni ya chini, chuchumaa."

Watu wa Lahore, Pakistan, wanaijua tofauti hiyo. Mwaka 2019 Arslan Ash wa Pakistan, nchi ambayo kabla ya hapo ilikuwa haitajwi sana katika Tekken, alishinda Evo Japan, moja ya mashindano makubwa ya gemu za kupigana, na Agosti akashinda Evo ya Las Vegas kwa kumfunga Knee wa Korea Kusini fainali. Nyuma yake palikuwa na kundi la watu waliokaa pamoja, bega kwa bega, wakipigana na kusahihishana. Kibanda cha Majengo kilikuwa na mbegu ileile.

Ndiyo maana narudi kwenye jibu langu la kwanza, safari hii kwa sababu nyingine. Mpwa wangu ana yule mwenzake wa Mshomoroni mwenye Tekken, mwenye umri wake, aliyeko mwendo wa miguu, na ana hamu ya kumshinda. Kwangu hiyo ina thamani kuliko mafunzo yote ya Capcom, watengenezaji wa Street Fighter. Angekuwa peke yake, hana wa kucheza naye mtaani wala shuleni, ningemwambia Street Fighter 6 bila kusita, aanze na demo ya bure yenye Ryu na Luke kabla ya kulipa chochote. Na wasichana wengi wako katika hali hii ya pili, maana vibandani bado hawakaribishwi kama inavyofaa. Hilo linaniuma, na linafanya mafunzo mazuri ya nyumbani yawe na maana kubwa zaidi ya tunavyodhani.

Sasa pedi. Hapa sina shaka kubwa. Stiki, ile yenye mpini wa kushika kwa mkono mzima na vitufe vikubwa, ni chombo kizuri, na mwenye umri wangu huikumbuka kwenye mashine za kumbi za michezo. Mkono mzima unafanya kazi, kidole gumba kinapumzika. Pia kuna ile isiyo na stiki kabisa, ubao wa vitufe vitupu ambao hata kuruka ni kitufe. Ni sahihi sana, maana kitufe hakina njia ya katikati, na wachezaji wengi wakubwa wamehamia huko. Lakini stiki nzuri inagharimu pedi mbili au tatu mpya, mara nyingi lazima iagizwe nje, na itakurudisha nyuma kwa wiki kadhaa ukijifunza upya kutembea. Mwaka 2014 Mfaransa aitwaye Luffy alishinda Evo katika Street Fighter, mbele ya safu ya watu wenye stiki, akiwa na pedi ya PlayStation ya kwanza. Pedi haijamzuia mtu.

Kinachozuia ni pedi mbovu. Mwaka jana nilinunua moja mjini, boksi zuri, nembo zote, bei ya kuvutia. Nilipomchukua Kazuya wa Tekken nikaona pembe ya chini-mbele haishiki. Niliifungua mezani kwa bisibisi ndogo. Mpira ulio chini ya mishale ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu, na skrubu mbili zilishaanza kutu kwa unyevu wa pwani, miezi minne tu. Tangu hapo nikinunua pedi naijaribu pale pale: nabonyeza mshale wa chini, nautelezesha polepole hadi mbele mara ishirini, nikitazama kama mhusika anachuchumaa bila kukatika. Mishale ndiyo ya kupigania, si kile kijiti cha kidole gumba kinachotumika kwenye gemu za mpira. Na mwenye kupanga kuhamia PS5 ajue kwamba pedi ya PS4 haichezi gemu za PS5 huko, ataihitaji mpya.

Kibodi ya kompyuta nayo isidharauliwe, ni ndugu wa ule ubao wa vitufe. Shida yake ni kwamba nyingi za bei nafuu hukataa ukifinya vitufe vingi kwa pamoja. Simu naiacha kando. Kioo hakina ukingo wa kidole kushika.

Jana jioni nilikwenda Bombolulu. Kwanza niliingia kwenye mipangilio ya runinga nikawasha hali ya gemu, maana picha ilikuwa ikichelewa na kijana alidhani mkono wake ndio mzito. Kisha tukaazima Tekken 7 na kukaa na Paul saa nzima kwa kazi moja: akinge, halafu ajibu kwa mraba. Alikinga akasahau kujibu, akajibu kabla ya kukinga, hadi mama yake akaita chakula. Ilipofika mara kama ya arubaini, ngumi ikaingia na akanigeukia bila kusema neno.

Jumamosi anakwenda Mshomoroni. Nimemwambia pedi abebe yake mwenyewe.